Tailizi za kwenye vyungu vya maua zinabanduka upande mmoja tu: gundi, maji au jua?

#1 Mama Kijani
Wakuu, habari za wikendi.

Napamba vyungu vya maua kwa vipande vya tailizi na sahani zilizovunjika. Vyungu ni vile vya udongo mwekundu wanavyouza watu wa miche pembeni ya Barabara ya Bagamoyo. Vipande sinunui. Mtaani kwetu Tegeta kila nyumba inayojengwa ina gunia la mabaki nyuma ya ukuta, na mafundi wanafurahi ukiwaondolea. Nabandika, naacha yashike, najaza simenti nyeupe kwenye mianya, nafuta kwa sponji, napanda ua. Vikiwa vipya watu wanasimama getini kuuliza bei.

Kasheshe imeanza baada ya vuli. Vyungu vilivyoko barazani vipo salama. Vya uani vimeanza kuangusha vipande, tena si kote, ni upande unaotazama magharibi peke yake. Upande wa mashariki hakijatoka hata kimoja. Chungu kilekile, gundi ileile, siku ileile.

Kuna mtu wa mgahawa anataka vyungu vikubwa vya kupanga mlangoni. Sitaki kupokea hela yake halafu wateja wake wakanyage vigae. Wenye ujuzi nisaidieni, hii ni nini?

#2 Fundi Mwiko
Gundi gani? Kama ni ile nyeupe ya maseremala, uzi ufungwe, majibu yamepatikana. Ile ikilowa inalegea tena hata kama ilikauka mwaka mzima. Ni ya kiti na kabati, si ya kitu kinachomwagiwa maji kila jioni.

#3 Kijukuu cha Pwani
Magharibi anaishi jirani gani? Tuanzie hapo 😂

#4 Mama Kijani
@Kijukuu cha Pwani magharibi kuna banda la kuku, hakuna mchawi.

@Fundi Mwiko vya mwanzo kabisa ndiyo nilitumia hiyo nyeupe, navyo viko barazani na havijafanya kitu! Hivi vya uani ni gundi ya unga, ya mfuko, inayochanganywa na maji. Hapo ndipo kichwa kinaponiuma.

#5 Fundi Mwiko
Vya barazani havinyeshewi, subiri. Siku ukivitoa nje utaniambia.

Sasa hiyo ya unga. Ndani yake kuna simenti, na simenti haikauki kama nguo kwenye kamba. Inashika kwa kutumia maji iliyochanganywa nayo. Chungu cha udongo kikiwa kikavu kinayanyonya yale maji ndani ya dakika chache, na gundi inabaki unga uliogandana tu. Ukiigusa unaona imekuwa ngumu, kumbe haina nguvu. Kesho yake kinachofuata ni mvua na jua, inaachia.

Dawa: loweka chungu, kitoe, kiache mpaka usione maji yanayong'aa juu yake, ndipo upake. Kiwe kimeshiba lakini uso usiwe na maji. Mafundi wengi wa ukutani wanajua kumwagia maji matofali kabla ya plasta, ila wakifika kwenye chungu wanasahau.

#6 Injinia Mstaafu
Fundi yuko sahihi kwa jambo lenyewe lakini hajajibu swali. Kama chungu kilikuwa kikavu, kilikuwa kikavu pande zote. Kwa nini kibanduke magharibi tu?

Jibu ni joto. Upande wa magharibi unapigwa na jua la mchana wa saa nane mpaka saa kumi na mbili, wakati hewa nayo imeshachemka. Tailizi inatanuka kivyake, udongo kivyake, gundi kivyake. Jioni ukimwagia maji, au mvua ikishuka ghafla, vyote vinasinyaa kwa kasi tofauti. Nguvu yote inaishia kwenye ule utando mwembamba wa gundi. Fanya hivyo miezi kadhaa, lazima uachie.

Dada, saa tisa alasiri weka kiganja juu ya kipande cheusi halafu juu ya cheupe. Halafu utuambie vilivyobanduka vingi ni vya rangi gani.

#7 Chizi Maua
Shikamoo mzee @Injinia Mstaafu. Mbona mvua hujaihesabu? Labda upande huo ndio unaopigwa na mvua ya upepo.

#8 Injinia Mstaafu
Marahaba. Vuli pwani hii upepo unaelekea kwenye kaskazi, unatoka kaskazini mashariki. Mvua ya upepo ingepiga upande wa pili, ule ambao haujabanduka. Nabaki na jua.

#9 Mtu wa Kigamboni
Nyote mmepita juu ya kitu kilicho wazi. Dada unamwagilia maji gani? Ya bomba au ya kisima?

#10 Mama Kijani
Ya bomba yakiwepo. Yakikatika ni kisima, na kisima chetu kina chumvi, chai yake hainyweki.

#11 Mtu wa Kigamboni
Ahsante. Mnaoishi bara hamuwezi kuelewa. Huku visima vingi vya pwani vina chumvi, nyumba zinaliwa kuanzia chini na rangi inapukutika futi mbili za kwanza. Chungu kina tabu hiyohiyo.

Maji yanaingia kwenye udongo wa ndani, yanapenya ukuta wa chungu kwenda nje, kwa sababu chungu hicho hakina glezi, ule utando wa kung'aa kama wa sahani. Yakifika nje yanakauka, chumvi inabaki. Pasipo na tailizi utaona unga mweupe. Penye tailizi chumvi haina pa kutokea, inagandia nyuma yake chembe kwa chembe na kuisukuma. Na upande unaokauka haraka ndio unaovuta maji mengi zaidi, yaani upande wa jua. Magharibi hiyo hapo, mzee @Injinia Mstaafu, na wala sijahitaji kutanuka wala kusinyaa.

Dada angalia kama kuna unga mweupe kwenye mianya. Uonje.

#12 Daktari wa Mimea
Jamani msimwambie mtu aonje chungu cha maua! Ndani kuna mbolea, samadi na pengine dawa ya wadudu.

Halafu unga mweupe si lazima uwe chumvi ya kisima. Simenti yenyewe inatoa chokaa, maji yanaivuta nje, inakutana na hewa na kuganda nyeupe. Kipimo salama: dondoshea siki au ndimu. Ikitoa povu ni chokaa ya simenti. Isipotoa povu na ikiyeyuka kwenye maji, hapo mtu wa Kigamboni ana hoja.

#13 Mtu wa Kigamboni
Sawa daktari, asionje. Lakini zinaweza kuwa zote mbili pamoja.

#14 Daktari wa Mimea
Zinaweza.

#15 Bi Hawa wa Makadara
Salaam kutoka Mombasa. Mwasema gundi za mifuko, mwasahau kwamba pwani hii watu walibandika vyombo zamani kabla ya hizo gundi. Nendeni Mambrui, kaskazini ya Malindi, mkaone nguzo ya kaburi iliyopambwa mabakuli ya Kichina. Imekaa hapo karne kwa karne, bahari iko karibu, chumvi hiyo mnayoisema yaipiga usiku na mchana. Ilitumika chokaa ya matumbawe yaliyochomwa, basi. Mwanangu @Mama Kijani, tafuta chokaa, achana na hivyo vifuko.

#16 Kijukuu cha Pwani
Hayo mabakuli si yaliletwa na Wareno?

#17 Msomaji wa Makumbusho
Hapana. Vasco da Gama alifika Malindi 1498, na vyombo vya Kichina vilikuwa vimeshaingia pwani hii karne kadhaa kabla yake, vikipita kwenye mikono ya wafanyabiashara wa Bahari ya Hindi. Magofu ya Gedi yametoa vigae vingi tu vya namna hiyo.

Tena Mama Kijani asipelekwe Mambrui wakati anakaa Tegeta. Kunduchi ni pua na mdomo. Pale kwenye magofu kuna makaburi ya nguzo yaliyopambwa kwa sahani za Kichina. Nyingi zilishang'olewa na mikono ya watu, lakini ukisogea karibu unaona shimo la duara kwenye chokaa, limebaki na umbo la kitako cha bakuli. Kaole ya Bagamoyo nayo ina makaburi ya nguzo ya aina hiyo.

#18 Fundi Mwiko
Bi Hawa shikamoo, heshima yako. Ila nina mambo mawili. Kwanza, lile kaburi halimwagiliwi kila jioni. Nguzo inanyeshewa inakauka, chungu kinalowa kutokea ndani. Pili, msomaji hapo juu amelisema bila kujua: shimo la bakuli. Wale hawakubandika juu ya uso, walizamisha bakuli ndani ya plasta ikiwa mbichi. Bakuli limekabwa pembeni pande zote. Hata chokaa ikichoka, litatokaje? Ndiyo maana watu walilazimika kung'oa.

#19 Bi Hawa wa Makadara
Marahaba baba. Basi naye azamishe.

#20 Fundi Mwiko
Bi mkubwa kanikamata hapo 😂 Kweli inawezekana. Unakipiga chungu plasta kama sentimita moja, unazamisha vipande ikiwa mbichi. Ila kinakuwa kizito, mgahawa watahitaji vijana wa kukihamisha.

#21 Fundi Mwiko
Kabla hatujaendelea kubishana hewani, @Mama Kijani fanya kitu kimoja. Okota vilivyoanguka, uvigeuze. Mgongo ndio utasema.

Kama mgongo ni msafi na gundi imebaki kwenye chungu, tatizo liko baina ya gundi na kipande. Kama kipande kimeondoka na gundi yote na nyuma yake kuna vumbi jekundu, aliyeshindwa ni chungu. Kama gundi imepasuka katikati, nusu huku nusu kule, basi gundi yenyewe haikukomaa, rudi post yangu namba 5.

#22 Mama Kijani
Nimetoka uani sasa hivi na ndoo ya vipande. Mnisamehe kwa urefu.

Vya sahani: kuna sahani ya marehemu bibi ya maua ya buluu, vipande vyake vyote vilivyokuwa upande huo vimetoka. Mgongo wake unang'aa, hauna hata chembe ya gundi. Na kwenye chungu gundi imebaki nzima, laini kabisa, mpaka ile duara ya kitako cha sahani imejichora humo.

Vya tailizi za sakafuni, zile nzito za kung'aa: mgongo una vile vimraba, na gundi imejaa ndani ya vimraba vizuri tu. Juu yake kuna utando mwembamba mwekundu, ukipitisha kidole kinabaki na vumbi.

Vya tailizi za ukutani, za bafuni: vimebanduka vichache sana. Vingi vimeng'ang'ania, hata nikivichokonoa na kisu.

Rangi mzee: vyeusi na vya buluu iliyokoza ndivyo vingi. Ila hata nilipobandika ndivyo vilikuwa vingi upande huo, kwa sababu ndio unaoonekana ukiingia getini.

#23 Injinia Mstaafu
Mwisho wa maelezo yako umeniharibia ushahidi.

#24 Mtu wa Kigamboni
Na unga mweupe?

#25 Mama Kijani
Upo kwenye mianya, magharibi mwingi, mashariki kidogo. Nimedondoshea ndimu. Sehemu nyingine ulitoa vipovu vidogo, sehemu nyingine kimya.

#26 Mtu wa Kigamboni
Nilisema.

#27 Daktari wa Mimea
Mimi pia nilisema.

#28 Fundi Mwiko
Tuanze na sahani. Sahani ina glezi mbele na nyuma, gundi ya simenti haina pa kuuma. Ipitishe mgongo kwenye grainda mpaka glezi iondoke, au tumia gundi ya epoksi kwa vipande hivyo peke yake. Ni ghali, ila kwa kipande cha bibi yako inastahili.

Tailizi za ukutani nyuma zinanyonya, ukidondosha maji mgongoni yanazama. Za kundi hilo zinanyonya zaidi ya asilimia 10 ya uzito wake. Zile nzito za sakafuni, posilini, hazifiki hata asilimia 0.5. Kwa hiyo ya ukutani inashikwa na gundi ya kawaida, posilini inataka ile gundi iliyowekwa mpira ndani, mfuko wake huwa na bei ya juu. Hilo kwenye mfuko limeandikwa, watu hawasomi.

#29 Chizi Maua
Lakini fundi, posilini ya dada imetoka na vumbi jekundu. Gundi iliishika posilini vizuri tu, chungu ndicho kilichoachia. Post yako namba 21 inaipinga post yako namba 28.

#30 Kijukuu cha Pwani
Uwiiii 😂😂 fundi kabanwa na mwiko wake.

#31 Fundi Mwiko
Chizi Maua una macho. Nakubali kwa posilini za huyu dada. Kwa sahani sibanduki.

#32 Mnyakyusa wa Matema
Vumbi jekundu nalijua mimi. Sisi huku ziwani vyungu ni vya Wakisi, akina mama wanavifinyanga na kuvichoma hadharani kwa kuni na nyasi. Ni vyungu safi kwa kupikia na kuhifadhia maji, na ni vyepesi. Lakini udongo uliochomwa hadharani haupati moto mkali wala wa saa nyingi kama wa tanuri, kwa hiyo uso wake ni laini na unanyonya sana. Hivyo vya Dar sijui nani anavichoma, ila kipimo ni kilekile: kining'inize kwa kidole, kigonge kwa kucha. Kikilia *tiing* kimeiva. Kikilia *pu*, usikibandike kitu, kipande kitaondoka na ngozi ya chungu.

Kama umeshakinunua, kisugue kwa brashi ya waya, osha vumbi, kiache, kisha pakaa praima ya tailizi, ile ya kutangulia kabla ya gundi.

#33 Mpenda Vya Bure
Praima ya nini, changanya gundi nyeupe na maji, nusu kwa nusu, pakaa. Wote tunafanya hivyo.

#34 Fundi Mwiko
Na ndiyo maana wote vinawabandukia. Gundi nyeupe ikilowa inalegea, nimeshasema. Utaiwekaje chini ya simenti yenye maji, juu ya udongo unaolowa kila siku?

#35 Mpenda Vya Bure
Vyangu vina miaka.

#36 Fundi Mwiko
Viko wapi?

#37 Mpenda Vya Bure
Sebuleni.

#38 Kijukuu cha Pwani
😂😂😂

#39 Msusi wa Glasi
Wadau, salamu kutoka Rongai. Mimi situmii tailizi, ni vipande vya chupa na vioo. Ukipita Kitengela Glass, pale ukingoni mwa mbuga ya Nairobi alipoanzisha Nani Croze, utaona kuta, njia na viti vilivyojazwa vipande vya glasi, nje kabisa, mvua na jua. Hapo ndipo niliona kumbe mtu anaweza.

Kwa uzoefu wangu kitu ambacho hakuna amesema ni ukubwa wa kipande. Chungu ni mviringo na kipande ni bapa. Ukibandika kipande cha sentimita tano, kinagusa katikati peke yake, pembeni kuna pengo. Unalijaza na grauti, ile simenti ya mianya, unaona kimekaa sawa, kumbe nyuma ni tupu na maji yanakaa humo. Kata vipande vya sentimita moja na nusu, mbili mwisho. Na upake gundi pande zote mbili, kwenye chungu na kwenye mgongo wa kipande.

Na kuhusu maji ya ndani, panda ua kwenye poti la plastiki, lidumbukize ndani ya hicho cha urembo. Maji hayaukuti ukuta. Ama upake ndani lami ya maji, ile ya kuzuia uvujaji kwenye paa.

#40 Daktari wa Mimea
Lami ndani mimi sishauri kwa mimea ya kula, mtu akipanda mchicha au mnanaa humo. Kwa maua, sawa. Wengine watasema chungu kikizibwa hakipumui na ua litakufa. Litakufa kama hakina tundu chini. Tundu likiwepo na udongo ukiwa na mchanga wa kutosha, bugenvilia haitajua kama ukuta umezibwa. Shubiri ndiyo itakusumbua, ile haitaki unyevu unaokaa, punguza kumwagilia.

#41 Mtu wa Kigamboni
Na mchanga usiwe wa ufukweni. Naongezea tu kabla mtu hajaenda na kiroba Coco Beach.

#42 Chizi Maua
@Msusi wa Glasi nimependa. Dada, vilivyobanduka ni vikubwa au vidogo?

#43 Mama Kijani
Mchanganyiko. Vidogo vimo pia. Ila vikubwa havijabaki kabisa upande huo.

#44 Mswahili wa Maskati
Assalaam alaykum. Nimesoma wote. Mzee Injinia anasema jua. Mimi niko Maskati, kiangazi hapa joto linapita 40 wiki kwa wiki na ukuta wangu wa nje huwezi kuushika. Nina vyungu vya udongo vilivyobandikwa vigae juu ya dari, havina kivuli hata cha dawa. Havijaacha hata kipande. Kama jua ndilo linalobandua, kwangu ingekuwa maafa.

Tofauti ni moja: maji ya bomba hapa ni ya bahari yaliyosafishwa chumvi. Naona mtu wa Kigamboni amepiga msumari kichwani.

#45 Injinia Mstaafu
Wa alaykum salaam. Ndugu yangu, huko kwenu mvua ni za kuhesabu. Mimi sikusema jua peke yake, nilisema jua kisha maji ya ghafla. Rudia namba 6. Kitu kinachopata joto polepole na kupoa polepole hakina shida. Unamwagilia saa ngapi?

#46 Mswahili wa Maskati
Alfajiri, mzee. Mchana maji ya bomba yenyewe yanatoka ya moto, unaweza kuivishia yai.

#47 Injinia Mstaafu
Alfajiri! Na Mama Kijani?

#48 Mama Kijani
Saa kumi na moja jioni nikitoka kazini.

#49 Injinia Mstaafu
Sina la kuongeza.

#50 Mtu wa Kigamboni
Mimi ninalo. Alfajiri anamwagia maji matamu, jioni dada anamwagia maji ya chumvi. Umebadilisha vitu viwili halafu unadai kimoja.

#51 Mbongo Ujerumani
Huku tunaomba shida zenu. Chungu cha udongo kikilala nje kimelowa usiku wa baridi kali, maji ya ndani ya ukuta yanaganda, yakiganda yanatanuka kama asilimia 9, asubuhi unakuta chungu chenyewe kimeachia, tailizi zimebaki zimeshikana zenyewe. Kila mwezi wa kumi na moja naviingiza stoo.

#52 Kijukuu cha Pwani
Barafu tuachie Kibo, sisi tuna banda la kuku.

#53 Mpenda Barcelona
Mnajisumbua. Gaudí alijenga Park Güell miaka ya 1880, ile benchi ndefu yote ya vigae vilivyovunjika, karibu na bahari, na mpaka leo hakijatoka kitu. Tafuteni alitumia nini.

#54 Msomaji wa Makumbusho
Kazi ya Park Güell ilikwenda kuanzia 1900 mpaka 1914. Vigae vya ile benchi ni kazi ya msaidizi wake Josep Maria Jujol kwa sehemu kubwa. Na vimetoka, benchi imeshafanyiwa ukarabati, si kwamba imekaa hivyohivyo tangu siku ile. Zuri la kujifunza pale ni kwamba nao walitumia mabaki, vigae na vyombo vilivyovunjika. Mama Kijani yuko kwenye ukoo mzuri.

#55 Kijukuu cha Pwani
Kwa hiyo Wazungu ndio walioanza, sisi tukafuata?

#56 Msomaji wa Makumbusho
Uruk, Iraki ya leo, zaidi ya miaka 5,000 iliyopita, walipachika vijiti vya udongo vyenye vichwa vya rangi kwenye kuta na nguzo za mahekalu. Walivisukuma ndani ya plasta mbichi. Bi Hawa atafurahi.

#57 Bi Hawa wa Makadara
Nimefurahi. Walizamisha.

#58 Nesi wa Zamu
Natoka nje ya mada kidogo. Mnaopamba vyungu msisahau visahani vya chini. Mbu wa dengi anazaa kwenye maji safi yaliyotuama, na Dar tuliona 2014 na tena 2019. Jaza mchanga kwenye kisahani au kimwage kila baada ya siku chache. Vyungu vizuri na homa ya kuvunja mifupa haviendani.

Na anayekata kwa grainda avae barakoa na miwani, alowanishe tailizi. Vumbi lile linakaa kwenye mapafu. Ukivunja kwa nyundo, funika kwa gunia. Nimeshachomoa kipande cha tailizi kwenye kope ya mtu, sitaki kuchomoa kingine.

#59 Mama Kijani
Ahsante nesi. Gunia natumia, barakoa nilikuwa sivai, nitavaa.

#60 Chizi Maua
Tuache ubishi, kuna njia rahisi ya kujua. Dada, chukua chungu kimoja kilichobaki kizima uani, kizungushe, upande wa mashariki utazame magharibi. Kingine kiache palepale ila kimwagilie maji ya mvua tu, weka ndoo chini ya mfereji wa paa. Cha tatu kimwagilie maji yaleyale ya kisima lakini alfajiri. Masika yakipita utuletee majibu.

#61 Mtu wa Kigamboni
Naafiki. Cha maji ya mvua kitabaki.

#62 Injinia Mstaafu
Cha alfajiri kitabaki.

#63 Mnyakyusa wa Matema
Na vyote vitatu mvigonge kucha kwanza, kwa sababu kama kimojawapo kinalia *pu* mtakuwa mnapima ufinyanzi.

#64 Mama Kijani
Nimeshazungusha kimoja. Vingine kesho. Oda ya mgahawa nimeamua hivi: tailizi za ukutani tu, vipande vidogo, chungu kimelowekwa, poti la plastiki ndani. Sahani ya bibi nazamisha kwenye plasta kama Bi Hawa alivyosema, kwenye kimoja tu, cha kwangu.

#65 Mpenda Vya Bure
Bei ya kimoja kikubwa shilingi ngapi?

#66 Mama Kijani
Elfu 40, ua ndani yake.

#67 Mpenda Vya Bure
Elfu 40 kwa mabaki ya kuokota?

#68 Msusi wa Glasi
Mkuu kaa chini ukate vipande vya sentimita moja na nusu mpaka chungu kijae, halafu urudi hapa utaje bei yako.

#69 Dogo wa Ukonga
Wakuu samahani, naingia mwishoni. Mimi nina ndoo za rangi za lita 20, zile za plastiki. Naweza kubandika tailizi hizo hizo?

#70 Fundi Mwiko
Kwenye plastiki gundi ya simenti haishiki, hata uloweke mwezi. Fungua uzi wako, dogo, huku bado tuna kesi.